Mrejesho: darasa la tatu na viwakilishi

Walimu wenzangu, salaam. Niliuliza nifanyeje na wanafunzi wanaotumia "hii" na "yangu" kwa kila kitu, kiwe kiti au mti. Wengi mlinishauri niachane na kukaririsha jedwali la ngeli, nitumie vitu vyenyewe. Nimefanya hivyo, na mabadiliko yapo.

Uliofaa kuliko yote ni mchezo wa kuficha. Mtoto anaficha kitu mgongoni na kusema, "Changu kimepotea." Wenzake wanataja kinachowezekana: kikombe, kitabu, kitambaa. Anayetaja kalamu anazomewa: "Hiyo ingekuwa yangu imepotea!" Siku moja mmoja alisema, "Wangu umevunjika," darasa likagawanyika: mkono au ufunguo? Nikamwambia aseme kwa wingi. "Zangu zimevunjika." Basi, ufunguo. Hapo hata wale wa nyuma waliamka.

Kuchora mshale kutoka kwenye kiwakilishi hadi kwenye nomino nimekubakiza kwa ajili ya kusoma vifungu tu.

Kinachosumbua bado ni wanyama na wadudu. Kipepeo na kiboko wanaitwa "hiki", na siwalaumu watoto, mwanzo wa neno unawadanganya. Sasa nawapa picha ya kipepeo na ya kikombe pamoja: "Huyu ameruka, hiki kimeanguka." Waoneshe kipi ni kipi.

Kinachofuata ni "Asha alimwambia Neema kitabu chake kimechanika." Chake nani? Mwenye mbinu ya hilo anisaidie.