Upinde wa kitako: wa uzi mmoja au wa magurudumu? Nataka kununua, nipo Usa River

Mkulima_Siha
Wakuu, heshima kwenu. Kuna mzee mmoja wa kigeni hapa Usa River anahama, anauza vitu vyake. Ana pinde mbili za kitako, zile zenye kifyatulio kama bunduki. Mmoja ni wa kawaida, mikono miwili (zile mbao za pembeni zinazopinda) na uzi mmoja, basi. Wa pili una magurudumu kwenye ncha, nyaya zinapishana, na darubini juu. Huo anasema unarusha mshale futi 390 kwa sekunde. Nichukue upi? Anataka jibu kabla ya Jumamosi.

FundiNgarenaro
Mkuu, umetuachia nusu ya habari. Wa kazi gani? Nguvu ya kuvuta ratili ngapi? Uzi ulibadilishwa lini? Bei je?

Baba_Njeku
Na kibali? Anza na hilo.

Mkulima_Siha
Samahani wakuu. Wa magurudumu ni ratili 175, ule mwingine ni 200 na kidogo. Uzi sijui. Bei tutaongea. Kazi yenyewe ni nguruwe pori, wananimalizia mahindi kule West Kilimanjaro. Usiku mmoja tu wamelaza mistari minne.

Baba_Njeku
Pole sana kwa shamba. Ila nguruwe pori ni mnyamapori, hata akiwa katikati ya mahindi yako. Kuwinda bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, na sheria haiangalii kama umetumia risasi au mshale. Nenda kwa afisa wanyamapori wa halmashauri, andika malalamiko, wao ndio wenye utaratibu wa wanyama waharibifu. Usije ukaitwa jangili kwa ajili ya gunia mbili.

FundiNgarenaro
Baba Njeku kasema kweli. Nami nijibu swali la upinde, maana hata wa kulenga shabaha nyumbani unahitaji akili hiyohiyo.

Chukua wa uzi mmoja. Uzi ukikatika unafunga mwingine palepale. Wa magurudumu, kubadili uzi na nyaya kunataka mashine ya kubana mikono, na kwa hapa Arusha mimi sijaona fundi mwenye nayo. Vumbi la Ngarenanyuki likishaingia kwenye ekseli za magurudumu utaikumbuka sauti yake.

Mlenga_Shabaha
Fundi, mimi napinga. Wa magurudumu ni mwembamba, unapita vichakani, na mshale unakwenda umenyooka. Futi 390 ni karibu mita 119 kwa sekunde. Hiyo ni kasi kweli.

FundiNgarenaro
Piga hesabu, ndugu yangu. Kwa mita 30 mshale huo unatumia kama robo ya sekunde, na umeshashuka zaidi ya sentimita 30. Mlio wa uzi unafika kwa mnyama chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mnyama aliyesimamisha masikio anasikia kwanza, anainama, ndipo mshale unafika. Kwa mita 50 ni kubahatisha, unamjeruhi akafie kwenye kichaka cha jirani. Kasi haikuondolei kazi ya kusogea karibu.

Dada_Ngarenanyuki
Naomba niwaeleze kitu, kwa sababu mnaongelea kasi na mimi naona kidole.

Kaka yangu alikuwa na wa magurudumu. Jioni, kama saa kumi na mbili, tulikuwa tunalenga gunia la makapi nyuma ya zizi. Alishaukoki, yaani uzi umevutwa nyuma ukashikwa, mshale uko kwenye mfereji, akashika kitako kwa mkono wa kushoto huku akiongea na mimi. Dole gumba lilikuwa limepanda juu ya ukingo, pale uzi unapopita. Hakuliona, macho yalikuwa kwenye darubini. Akafyatua. Sauti ilikuwa ileile ya siku zote, ndiyo maana sikushtuka. Nilimwona anautazama mkono. Nyama ya ncha ya dole ilikuwa imeondoka pamoja na ukucha, na damu ilikuwa inachuruzika kwenye ule mfereji kama maji kwenye mtaro. Tulifunga kwa kanga yangu, tukatafuta gari saa nzima. Kidole kimepona kifupi, na mpaka leo hafungi vifungo vya shati kwa mkono huo.

Tulipotoka hospitali tukakuta kijana wa kazi ameutoa mshale, upinde bado umekokiwa, umeegemea ukuta wa stoo. Akavuta kifyatulio ili "kuulegeza". Bila mshale nguvu yote inarudi kwenye mikono ya upinde. Mmoja ulipasuka kama mua.

Kwa hiyo mkuu, ukienda Jumamosi, angalia kama una kinga ya vidole chini ya mfereji, na kama una kizuizi kinachokataa kufyatua pasipo mshale. Na kuulegeza ni kwa kupiga mshale kwenye gunia laini, hakuna njia ya mkato.

Mlenga_Shabaha
Pole sana dada. Hapo sina neno.

Baba_Njeku
Mimi nitasema la wazee. Wahadzabe kule Eyasi wana upinde wa mti, ugwe wa kano za mnyama, manyoya ya kanga kwenye mshale, na wanasogea mpaka karibu kabisa. Hakuna darubini.

FundiNgarenaro
Baba, wale wameanza wakiwa watoto. Huwezi kumlinganisha na mtu wa mahindi.

Mrina_Asali
Mnaongea ugwe, nani anapaka nta? Uzi ukikauka unaanza kutoa manyoya, ndio dalili. Mimi natumia nta ya nyuki niliyochuja mwenyewe.

Dada_Ngarenanyuki
Nta ya nyuki peke yake si inakuwa ngumu asubuhi ya baridi?

Mrina_Asali
Ipashe kwa vidole kwanza.

Mkulima_Siha
Nimesoma yote, asanteni. Kesho nitaenda kwanza kwa afisa wanyamapori. Jumamosi nitaenda kwa mzee na taa, niangalie mikono kama ina nyufa. Ule wa ratili 200 nitajaribu kuukoki kwa kamba ile ya kupunguza uzito, maana mgongo wangu si wa jana. Mrina, hiyo nta unauza?

Mrina_Asali
Ninayo, kipande cha robo kilo. Njoo Tengeru siku ya soko.