Krosibo au gumegume kwa kulungu wa Pennsylvania? Nina dola 450

Baraka_PA
Habari zenu wakuu. Nataka kuanza kuwinda kulungu mwaka huu na nimetenga dola 450 za silaha. Dukani wamenionesha krosibo, ule upinde wenye kitako na kifyatulio kama bunduki, na gumegume mpya ya kushindilia baruti, ile inayowashwa kwa cheche za jiwe. Bei zinakaribiana. Nichukue ipi? Punguzo linaisha Jumamosi.

Mzee Kabambare
Ndugu Baraka, hujasema uko kaunti gani, utawinda kwenye shamba la mtu au ardhi ya jimbo, wala kama umepita mafunzo. Tukushauri vipi, kwa ramli? Mwindaji mpya hapewi leseni bila cheti cha Hunter-Trapper Education.

Mama Neema wa Erie
Mzee shikamoo. Nyongeza kidogo: mtu mzima asiye na cheti anaweza kuchukua kibali cha mwanafunzi, "mentored", akawinda chini ya uangalizi wa mwenye leseni wa miaka 21 au zaidi. Ila Baraka, jibu maswali ya mzee.

Baraka_PA
Samahanini. Niko Lancaster, nje kidogo ya mji. Mkulima jirani ameniruhusu kwa mdomo. Cheti ninacho tayari.

Mama Neema wa Erie
Basi nunua krosibo. Lancaster ni eneo la uwindaji 5B, msimu wa mishale unaanza mapema Oktoba hadi katikati ya Novemba, halafu unarudi baada ya Krismasi. Kuna la umbali pia. Kwa bunduki lazima uwe yadi 150 kutoka nyumba yenye watu, kwa mishale ni yadi 50 tu, ingawa shule na viwanja vya watoto hubaki 150. Huko kwenye mashamba madogo yenye nyumba kila kona, yadi 150 zinaweza kukumalizia shamba lote.

Leseni ya mkazi ni $20.97, ya mishale $16.97, ya kulungu jike $6.97. Jumla $44.91. Kulungu dume mmoja umo ndani ya leseni ya kawaida. Jike anataka tegi yake, yaani lebo ya kibali, ya eneo lako.

Usimalize 450 kwenye upinde. Mvuto wa upinde usipungue ratili 125. Chembe, ile ncha ya mshale, iwe na upana usiopungua inchi 7/8. Nunua kamba ya kuvutia, kwa sababu ukivuta kwa mikono mitupu upote, ule uzi wa upinde, unakaa upande mmoja na mshale unakwenda kushoto au kulia kila siku tofauti. Paka nta kwenye upote kila baada ya mishale kama kumi. Kidole gumba kikae CHINI ya reli, ile njia ya mshale. Upote ukikikuta juu, unakikata.

Fundi Baruti
Dada, mbona unamnyima raha? Gumegume misimu yake mikubwa ni miwili: zile wiki mbili za bunduki zinazoanza Jumamosi baada ya Thanksgiving, na msimu wake wenyewe kuanzia 26 Desemba, msitu ukiwa kimya. Leseni yake ni $11.97 juu ya ile ya kawaida. Iwe ya jiwe kweli, kipenyo .44 au zaidi, isiwe na darubini.

Watu wanailaumu kuwa hailii. Hailii kwa sababu ya mambo matatu. Kwanza, wanajaza kisahani cha baruti ya kuwashia hadi kitundu cha moto kikazibwa, na baruti ikawaka polepole kama utambi. Weka baruti laini ya daraja la 4F chini kidogo ya kitundu, basi. Pili, unyevu: unga wa kisahani unavuta maji ya hewa, badilisha kila saa na funika kwa kipande cha ngozi kilichopakwa mafuta. Tatu, jiwe limeisha makali, hakuna cheche. Ukishavuta kifyatulio, usiinue kichwa. Kati ya cheche na mlio kuna muda mfupi ambamo wengi hukosa shabaha.

Mama Neema wa Erie
Kaka, hayo yote kwenye mvua ya Desemba, kwa mtu anayeanza? Na wiki mbili za bunduki hata krosibo inaruhusiwa. Avae tu rangi ya chungwa inchi 250 za mraba kichwani, kifuani na mgongoni, ionekane pande zote.

Abu Salma
Assalaam alaykum. Kwa Waislamu, mshale una nafuu: unatoboa, unapiga bismillahi unapoachia, mnyama akifa kwa jeraha hilo ni halali. Risasi ya duara wanazuoni wameibishania tangu zamani kwa kuwa inaponda. Ukimkuta bado hai, mchinje.

Na jamani, huyu si kulungu wetu. Wa kwetu pembe zake ni za kudumu, zimesokotwa. Huyu mkia mweupe anaangusha pembe kila mwaka na zina matawi.

Fundi Baruti
Tumuiteje basi? Paa? Kila mtu hapa anasema kulungu.

Mzee Kabambare
Jina muache, shika hayo matawi. 5B dume lazima awe na matawi matatu upande mmoja. Kule kwa Mama Neema, tawi la chini kabisa la paji halihesabiwi. Ukiwa na shaka, usipige.

Sasa nisikilizeni. Msimu uliopita kijana mmoja wa jumuiya yetu alipiga jike vizuri kabisa. Tegi yake ilikuwa ya 5B, lakini alikuwa amevuka barabara, na barabara ile ndiyo mpaka wa 5C. Akamburura hadi kwenye gari ndipo aandike tegi. Makosa mawili hapo: eneo si lake, na tegi hufungwa sikioni KABLA ya kumsogeza. Kisha akabeba kichwa na uti wa mgongo kwenda kupika supu kwa ndugu zake Harrisburg. Sehemu ya Lancaster imo kwenye eneo la CWD, ugonjwa wa kulungu wa kukonda hadi kufa. Kichwa, uti wa mgongo na bandama havitoki nje ya eneo hilo. Akakamatwa njiani, akapoteza nyama yote na faini juu.

Supu ya kichwa tunaipenda sote, mimi wa kwanza. Lakini protini mbovu zinazoleta ugonjwa huo haziharibiki kwa kuchemsha. Toa nyama kwenye mifupa hukohuko, kichwa kifunge mifuko miwili na tegi yake, kitie kwenye pipa la vichwa vya kupimwa, subiri majibu ndipo mle. Ripoti ya mawindo ni ndani ya siku 10.

Abu Salma
Na akimpiga tumboni? Mshale ukirudi una majimaji ya kijani unanuka, ngoja kwa muda wa saa sita hadi nane bila kumfuata. Ukimkimbiza, anakwenda maili.

Fundi Baruti
Ukingoja muda wa saa nane Oktoba yenye joto, nyama imeoza. Desemba hakuna shida hiyo.

Baraka_PA
Asanteni sana. Mimi nina nafasi Jumapili tu. Ile ruhusa ya mdomo inatosha?

Mama Neema wa Erie
Jumapili kwenye shamba la mtu unahitaji ruhusa ya maandishi, uwe nayo mfukoni. Na siyo Jumapili zote, angalia kalenda ya mwaka huu. Mwandikie mkulima leo, upinde baadaye.

Fundi Baruti
Gumegume, kaka. Uwe unaniandikia hapa, nitakuelekeza namna ya kufunga jiwe.