Wafanyakazi wa benki kuingia madarasani kufundisha "elimu ya fedha": wanatusaidia au wanatafuta wateja?

Mzazi wa Mbagala (mleta mada)
Wakuu, salamu.

Jumatano mwanangu wa kidato cha pili karudi na kalamu, kijidaftari chenye nembo ya benki, na fomu ya akaunti ya mtoto. Nijaze mimi, nibandike na picha yangu ya pasipoti. Kumbe shuleni walikuja vijana wa benki waliojitolea siku nzima kufundisha "elimu ya fedha na maandalizi ya ajira". Kipindi cha hesabu kikafa, na cha baiolojia kikafa.

Nikamuuliza, umejifunza nini? Ukiweka 500 kila siku, mwaka ukiisha una 182,500. Hesabu iko sawa, siibishii. Ila huyu mtoto nampa 1,000 kwa siku. Nauli ya mwanafunzi 200 kwenda, 200 kurudi, anabaki na 600 ya kula mpaka saa kumi jioni. Akiweka 500 anabaki na mia. Na mia ya siku hizi mnaijua.

Kuna mwenzake wa dawati moja alinyoosha mkono akauliza: mama yangu kakopa laki moja, analipa 5,000 kila siku kwa siku 26, je hiyo ni riba asilimia ngapi? Kijana wa benki akajibu "swali zuri sana, tutalirudia mwishoni". Mwishoni wakapiga picha ya pamoja, wakaondoka.

Swali langu ni hili: ni halali kampuni kuingia darasani saa za vipindi na fomu zake mkononi, au mimi ndiye mkorofi?

Kibarazani
Umepewa kalamu na daftari bure bado una dukuduku. Mkuu, wewe ni mkorofi, tena wa kuzaliwa.

Kaunta Namba Tatu
Mimi ni mmoja wa hao vijana. Si wa shule hiyo, lakini kazi ni hiyo hiyo. Nimeumia na hilo neno "wanatafuta wateja". Siku ya kujitolea hatulipwi nyongeza, nauli natoa mwenyewe, na nikirudi kazini nakuta faili zangu zimenisubiri.

Nimesoma shule ya kata. Hakuna mtu aliyewahi kuja kuniambia barua ya kuomba kazi inaandikwaje. Hakuna aliyeniambia kwamba nikipata ajira Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara kurudisha mkopo wa chuo. Mwezi wa kwanza nilipoiona hati ya mshahara nilidhani wamekosea. Ndiyo maana naenda. Sasa mtu ananifananisha na muuza laini za simu chini ya mwavuli!

Shemeji wa Taifa
Kaunta, umeandika vizuri mpaka nimetokwa na machozi. Zile fomu unazogawa zinahesabiwa kwenye targeti ya tawi au hazihesabiwi?

Kaunta Namba Tatu
Muuza laini naye ni binadamu, sikumaanisha kumdharau.

Shemeji wa Taifa
Sijauliza kuhusu muuza laini.

Mkongwe wa Kariakoo
Tusidanganyane kwamba hili ni jipya. Marekani wameanza mwaka 1919 na Junior Achievement yao: mwenye kiwanda cha karatasi, bosi wa kampuni ya simu na seneta mmoja walikaa chini wakaona vijana wafundishwe biashara. Leo iko mpaka hapa kwetu. Kwa hiyo kampuni kuingia shuleni kumeshatimiza miaka mia na ushee. Tujadili wanafundisha nini, tuache kuulizana kwa nini wamekuja.

Halafu tuseme ukweli, afadhali hao vijana wa benki. Mnataka nani afundishe fedha, walimu? Walimu ambao kadi zao za ATM zimelala kwa wakopeshaji pamoja na namba za siri? Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini huyu hata wembe kauweka rehani.

Chaki Nyeupe
Nilikuwa nasoma kimya kimya hapa, lakini kwa hilo sikubali.

Mkongwe, wewe umefundishwa kusoma na nani? Na karani wa benki? Hizo herufi unazotutukania ulizipata kwa nani?

Mimi ni mwalimu, mwaka wa 14 kazini. Ngoja nikueleze kadi inafikaje kwa mkopeshaji, maana unacheka usichokijua. Sheria inasema mtumishi akikatwa, asibaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi. Ni sheria nzuri. Sasa benki inapokukopesha, inapiga hesabu mpaka pale pale kwenye theluthi, haikuachii hata upenyo wa kupumua. Tarehe 10 mtoto anaugua, unakwenda wapi? Benki imeshamaliza nafasi yako, kwa hiyo unakwenda kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Vijana hao hao waliokukata mpaka kwenye mfupa, Jumatano wanakuja darasani kwako kufundisha wanafunzi wako nidhamu ya fedha. Na wewe umepangiwa kuwashikia projekta.

Mkongwe wa Kariakoo
Povu lote hilo halijakanusha neno hata moja. Kadi ipo au haipo?

Chaki Nyeupe
Yangu ilikaa kwa mtu miezi saba. Sioni aibu.

Siku ya mshahara tunakutana naye kwenye mashine. Anatoa mfukoni kadi kama kumi na mbili zimefungwa kwa raba, kila moja ina kipande cha plasta juu, kimeandikwa jina na namba ya siri kwa kalamu ya bluu. Wengine niliwafahamu: mkuu wangu wa taaluma alikuwemo, na nesi mmoja wa zahanati. Anachomeka, anatoa chake, anakukabidhi kinachobaki na risiti, kama kondakta anavyorudisha chenji. Anakusalimia vizuri kabisa: "Shikamoo mwalimu." Alishawahi kuwa mwanafunzi wangu.

Kibarazani
😂😂 Alikuwa mwanafunzi wako? Basi somo lilimwingia.

Dereva Msomi
Samahani mwalimu, unafundisha somo gani? Sio hesabu, naomba Mungu.

Chaki Nyeupe
Historia. Na kwa taarifa yako, mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeweka Elimu ya Biashara kuwa somo la lazima sekondari. Shuleni kwetu unadhani tumepewa nani? Sisi wa Historia.

Dereva Msomi
Nimefunga mkanda.

Mwana wa Kisauni
Hamjambo jirani zetu. Huku Mombasa hatuhitaji mtu wa kushika kadi, simu yenyewe ndiyo mkopeshaji. Fuliza ilipoingia 2019 ikawa ukituma pesa na huna, yakukopesha hapo hapo, na ukilipwa yajikata yenyewe kabla hujaziona. Halafu 2022 serikali nayo ikaleta mkopo wake wa simu, Hustler Fund, waanza na shilingi 500. Watoto wangu watajifunza fedha kwa kuniangalia mimi nikiikimbia simu yangu.

Shemeji wa Taifa
Mkenya, hizo za simu huku zipo tele. Benki Kuu mwishoni mwa 2024 ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Zinakopesha, ukichelewa zinamtumia ujumbe mama mkwe wako. Orodha ikatoka, watu wakaisoma ili wajue ni ipi bado hawajaijaribu.

Mama Shughuli
Nyie wasomi mnanichekesha. Mimi nimeishia la saba, mama lishe, na mchezo wetu wa kupeana pesa kwa zamu una watu 10, elfu tano kila siku, kijumbe anayezikusanya ni mama mtu mzima asiye na simu ya kupangusa. Mwaka wa sita huu hatujawahi kulizana. Fedha inafundishwa kwa aibu. Ukichelewesha zamu ya mwenzio, mtaa mzima unajua kabla ya magharibi.

Mkongwe wa Kariakoo
Mama, aibu haikuzuia watu kupanda mbegu DECI, ule upatu ulioahidi kuzidisha pesa zako. Serikali ilipoisimamisha 2009, waliokuwa wanadai fedha zao hawakuwa mbumbumbu, walikuwemo wenye digrii na suti. Kwa hiyo elimu siyo dawa, na aibu nayo siyo dawa.

Mama Shughuli
DECI ilikuwa mchezo? Unamjua kijumbe wake anakaa nyumba ipi? Usinichanganyie ubwabwa na mchanga.

Chaki Nyeupe
Mkongwe bado hajaniomba radhi.

Mkongwe wa Kariakoo
Radhi ya nini? Umekiri mwenyewe. Namheshimu mwalimu, mama yangu alikuwa mwalimu wa daraja la tatu A. Ninachosema, mtu aliyebanwa na deni hawezi kusimama mbele ya watoto akasema "msikope" na watoto wakamwamini.

Chaki Nyeupe
Mama yako Mungu ampe maisha marefu, ila amekulea vibaya.

Dereva Msomi
Aaah, jamani, mama za watu tena 🙌 Mimi nasema mwalimu mwenye kovu ndiye anayefaa. Kijana wa benki atachora jedwali, mwalimu ataeleza ile raba na zile kadi. Kati ya hayo mawili mimi nisingesahau lipi?

Mzazi wa Mbagala
Wakuu, fomu bado iko mezani kwangu. Nijaze au nisijaze? Na lile swali la mtoto, laki moja kwa 5,000 mara 26, hakuna aliyelijibu hata humu.

Kaunta Namba Tatu
Nalijibu mimi. 5,000 mara 26 ni 130,000. Kwa hiyo mkopeshaji atamwambia riba ni asilimia 30 kwa mwezi. Lakini hiyo ni hesabu ya mkopeshaji. Mama hakukaa na laki nzima hata siku mbili, maana kesho yake tu kaanza kurudisha. Ukichukua wastani wa pesa aliyokuwa nayo mkononi mwezi mzima, ni kama nusu ya laki. Sasa 30,000 juu ya nusu laki inakaribia asilimia 60 kwa mwezi. Ukomo wa Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni ni 3.5 kwa mwezi.

Na Shemeji, ndiyo. Fomu zinahesabiwa. Kila mmoja wetu alipewa 40.

Shemeji wa Taifa
Asante kwa ukweli. Ungesema tangu mwanzo tungekuwa tumeshalala.

Kaunta Namba Tatu
Lile swali nikiulizwa darasani nami ningesema "tutalirudia". Zile slaidi zinaletwa kutoka makao makuu, zina akiba, bajeti, ndoto zako za miaka kumi. Ya kausha damu haimo. Ukitoka nje ya slaidi, msimamizi anakuangalia.

Kibarazani
Ndoto za miaka kumi, na mtoto ana mia mfukoni.

Chaki Nyeupe
Kaunta, hiyo hesabu ya nusu laki sikuwahi kuiona hivyo. Miezi saba nimelipa na sikuwahi kuiona. Alhamisi kipindi cha tano nina kidato cha kwanza, Elimu ya Biashara, kitabu kimoja kwa watoto wanane. Ukiweza kuja, njoo bila fulana ya benki na bila fomu.

Kaunta Namba Tatu
Alhamisi niko kaunta. Jumamosi mnakuwa na masomo ya ziada?

Chaki Nyeupe
Yapo, saa mbili asubuhi. Nitakutumia ujumbe pembeni.

Mwana wa Kisauni
Jameni, huyo mwanafunzi aliyemkopesha mwalimu wake alipata gredi gani kwa Historia? Ndilo swali la pekee nililobaki nalo.

Chaki Nyeupe
D.

Dereva Msomi
Na kadi mwalimu, ulirudishiwa?

Chaki Nyeupe
Nilirudishiwa. Ilikuwa imeshaisha muda wake.