Kifafa cha kucheka, mtoto wa miaka 9: tumpeleke kwenye miale ya gama?

Ndendere243: Wandugu, naomba ushauri. Mtoto wa miaka 9 hapa Bukavu anacheka ghafla bila furaha yoyote, sekunde 20 hivi, mara 10 kwa siku. Dawa za kifafa, karbamazepini na valproati, zote zimeshindwa. IRM (picha ya ubongo kwa sumaku) ya Kigali inasema hamatoma ya haipothalamasi, yaani uvimbe wa kuzaliwa nao, usio saratani, chini katikati ya ubongo, milimita 11. Dokta ametaja kuuchoma kwa miale ya gama, bila kupasua kichwa. Tuandae nini?

Neuro_Ibanda: Dawa "imeshindwa" ikiwa dozi ilifika inavyotakiwa kwa kilo zake na haikurukwa. Hapa kwetu famasia huishiwa, halafu lawama inaiendea dawa. Lakini kwa hamatoma usimalize miaka ukibadilisha vidonge. Na EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, isikudanganye: mara nyingi inaelekeza kwenye ubongo wa upande wa panja, si kwenye hamatoma. Wakikata hapo, kicheko kinabaki.

Skana_Kadutu: Usitume filamu iliyopigwa picha kwa simu! Omba CD ya DICOM (faili halisi za skana), faili zote. Kinachotakiwa ni aina mbili za picha za IRM: T1 ya 3D, vipande vya milimita 1 bila pengo, na T2 ya koronali, yaani iliyokatwa kama unamtazama mtu uso kwa uso. Kwa vipande vya milimita 5, hamatoma hiyo inaonekana kwenye picha mbili au tatu tu. Hakuna atakayepanga miale kwa hizo.

Fizikia_Goma: Gamma Knife, mashine za miale ya gama, za siku hizi zina vyanzo 192 vya kobalti-60. Kila mwale peke yake ni dhaifu, nguvu iko pale inapokutana. Fremu inafungwa kwa skrubu 4 kwenye fuvu, na mtoto wa umri huo mara nyingi hulazwa usingizi. Timu ya daktari Jean Régis, Marseille, Ufaransa, ilitoa karibu grei 17 (grei ni kipimo cha dozi ya miale) ukingoni mwa hamatoma. Shida ni neva za macho zinapokutana, hapo jirani kabisa: haipendezi zipite grei 8 hadi 10. Kwa hiyo ulizeni umbali kati yake na hamatoma, si ukubwa peke yake.

Ndendere243: Akirudi kutoka kwenye miale, kicheko kitakuwa kimekwisha?

Neuro_Ibanda: Hapana, mama. Ni miezi, pengine miaka 2 au 3, na katikati mashambulizi yanaweza kuongezeka kwa muda. Ndipo familia huacha dawa kwa hasira, mtoto akaingia kwenye shambulio lisilokatika. Huko Marseille, karibu 4 kati ya 10 waliondokana na mashambulizi yanayosumbua. Kama akili yake inarudi nyuma haraka, ulizeni leza ya kuunguza hamatoma: inahitaji tundu dogo kwenye fuvu, ila matokeo yake huja mapema.

Fizikia_Goma: Kabla ya safari apimwe uwanja wa kuona na homoni, maana hamatoma hizi huleta balehe ya mapema. Na wekeni pesa ya IRM za baadaye. Wengi hulipia siku ya miale tu.