Naomba ushauri: skana inasema bidhaa ipo, rafu iko tupu

Habari zenu wakuu. Kazi yangu ni kukusanya bidhaa za oda za wateja wa mtandaoni kutoka rafu za humo humo dukani. Kinachonichosha ni mfumo: skana inasema zimebaki chupa 3 za shampuu, nafika kwenye rafu nakuta kibandiko cha bei na vumbi. Nikizunguka kutafuta, muda wa oda unakatika. Nikibonyeza "haipo", asilimia yangu ya bidhaa nilizopata inashuka na anayeulizwa ni mimi, si aliyepokea mzigo. Hapo bado wateja wa dukani wananisimamisha niwaonyeshe sabuni (sare ndiyo inaniponza).

Mliopitia kazi hii, mlifanyaje? Nipige picha rafu tupu niwe na ushahidi, au nitaonekana mchongezi? Na ili stoo ihesabiwe upya, nianzie kwa nani bila kugombana na watu wa stoo?