Mtoto wa mbwa amepinda miguu ya mbele, nimlishe nini?

MamaChui, Moshi
Habari za jioni wakuu. Nina mtoto wa mbwa wa miezi minne, baba German Shepherd, mama wa kienyeji. Anaitwa Chui. Tangu nimlete akiwa na wiki saba anakula ugali wa sembe uliolainishwa kwa mchuzi wa mifupa, asubuhi na jioni, na sufuria anailamba hadi inang'aa. Niliamini mifupa ikichemka sana nguvu yake yote inaingia kwenye mchuzi. Wiki mbili hizi miguu ya mbele imepinda kwa nje na vifundo vimevimba. Jana alishindwa kupanda kidaraja kimoja tu cha barazani, akakaa chini akawa ananiangalia. Nililia. Mwenye bucha anasema nimpe mapupu mabichi. Chakula cha dukani cha mbwa siwezi kununua kila mwezi. Nina kuku saba wanaotaga, na dagaa sokoni wapo. Nisaidieni.

Kijana wa Ngaramtoni
Mapupu mabichi ni sawa tu dada. Wangu watatu wanakula hayohayo na wana nguvu kweli.

Mzee wa Kisongo
Dada, mapupu mabichi usimpe. Na wewe kijana, nakuomba uache leo hii. Ukipasua mapupu au maini ya kondoo, mbuzi au ng'ombe, kuna siku utakuta vifuko vyeupe vimejaa maji. Hao ni watoto wa tegu. Mbwa akivila, tegu wanakomaa tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, yanashika manyoya, na mtoto anayemkumbatia anayameza. Dada yangu wa kuzaliwa alipasuliwa kutolewa fuko la namna hiyo kwenye ini, nikamuuguza mwenyewe miezi miwili. Ukikuta vifuko hivyo, choma moto au fukia chini sana. Mapupu yaliyo safi chemsha hadi yaive kabisa.

Sasa miguu ya Chui. Kalsiamu, yale madini yanayokaza mfupa, haiingii kwenye mchuzi ila kidogo sana, karibu yote inabaki humohumo mfupani. Sembe ina madini mengine, fosforasi, mengi kuliko kalsiamu, na nyama tupu pia ni hivyohivyo. Mwili ukikosa kalsiamu unaichota kwenye mifupa yake wenyewe, nayo inalainika wakati ndiyo kwanza inabeba uzito. Kwa hiyo hata ukimnunulia steki kila siku hutamtibu.

Mimi nategemea dagaa wakavu wa Mwanza. Zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na wanaliwa na mifupa yao. Wa baharini waache, wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Nawaloweka kwenye maji ya vuguvugu, nawasugua kwa viganja, namwaga, narudia. Maji ya nne ndipo chini ya beseni hapabaki mchanga. Nachemsha, nasaga, nachanganya na ugali laini, mchicha kidogo, na yai la kuchemsha mara tatu kwa wiki. Ganda la yai naliosha, nalikausha, natwanga liwe unga kama wa ngano. Lakini kiasi cha unga huo usikisie: mtoto wa mbwa mkubwa akizidishiwa kalsiamu mifupa inaharibika vilevile. Mpeleke kwa daktari wa mifugo kesho ampime uzito akupangie.

Mlishe mara tatu kwa siku, na chakula kipya kianze kidogokidogo kwa wiki nzima asije akaharisha. Mabaki yenye vitunguu usimpe, vinaua damu ya mbwa. Wala mifupa iliyopikwa, inapasuka kama vibanzi na kutoboa utumbo.

Nyar Kisumu
Huku kwetu hao dagaa ni omena, na mbwa wangu amekua nao. Naongeza jambo moja: unga. Usimsagie mbwa mahindi yaliyoota ukungu eti kwa kuwa ni mnyama. Sumukuvu huharibu ini lake haraka sana. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125 huku Kenya, wengi wao Makueni na Kitui.

MamaChui, Moshi
Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana dada wa Kisumu. Debe la mahindi lililonyeshewa nimelimwaga. Je, maharage naweza kuchanganya?

Mzee wa Kisongo
Marahaba binti. Yaliyoiva sana, kidogo, bila chumvi wala kiungo. Yasichukue nafasi ya dagaa.

MamaChui, Moshi
Narudi baada ya wiki tatu. Daktari alisema mifupa imelainika ila haijavunjika, akampimia unga wa maganda kwa kijiko na akakataza asirukeruke. Uvimbe wa vifundo umepungua. Mguu wa kulia bado umepinda, lakini leo asubuhi nilikuwa nafagia uwanja, nikageuka nikamkuta juu barazani, amepanda mwenyewe, anatikisa mkia. Dagaa wamebaki kiganja kimoja, kesho nakwenda soko la Mbuyuni kuongeza.