Bunge la Afrika Mashariki likiwa halikai, nani wamo ndani ya jengo?

Mwalimu wa Mpakani ameandika:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu wa somo la Uraia katika shule ya sekondari iliyo karibu na mpaka wa Namanga. Swali ninalolileta hapa niliulizwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu, na jibu nililompa halikuniridhisha hata mimi.

Nilikuwa nimeeleza darasani kwamba Bunge la Afrika Mashariki lilizinduliwa Arusha tarehe 30 Novemba 2001, kwamba kila nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hutoa wabunge tisa, na kwamba wabunge hao huchaguliwa na bunge la nchi yao ingawa wao si wabunge wa bunge hilo. Nikawakumbusha kwamba Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004, ambayo maofisa hapa mpakani huitumia kila lori linapofika, ilipitishwa na Bunge hilo. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono, akasema: "Mwalimu, umetuambia wabunge hukutana kwa vipindi kisha hurudi makwao. Wakisharudi, Bunge linafungwa kwa kufuli, au kuna watu wanaolishika?"

Nikamjibu kwamba yupo Katibu wa Bunge na watumishi wake. Akauliza wanafanya nini, wameajiriwa na nani, na kama mama yake anayeuza vitunguu ng'ambo ya mpaka anaweza kuwaandikia. Hapo nikaishiwa maneno. Naomba mwenye kuzijua kazi hizi kwa karibu anisaidie, kwa kuwa vitabu vyetu hueleza habari za Spika na wabunge, na kuhusu watumishi hawa havisemi lolote.

Mzee wa Kumbukumbu amejibu:

Mwalimu, umeuliza jambo lililo moyoni mwangu. Sikuwahi kuajiriwa Arusha, lakini nimetumia miaka mingi ya utumishi wangu katika kitengo cha Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni, cha bunge la nchi moja kati ya hizi zetu, na kazi za ofisi ya Katibu hufanana kwa sehemu kubwa kwa sababu mabunge yetu yote yamerithi desturi za aina moja. Mwambie kijana wako kwamba kufuli halipo. Wabunge wakiondoka ndipo watumishi wengi wanapoanza sehemu ngumu ya kazi yao.

Katibu wa Bunge ndiye mshauri mkuu wa Spika katika mambo ya kanuni na ndiye mtendaji mkuu wa ofisi. Kikao kikiendelea, yeye au mmoja wa makatibu mezani huketi mbele ya kiti cha Spika akiwa na kanuni, Orodha ya Shughuli za siku hiyo na hati zitakazowasilishwa. Mbunge anaposimama kuomba utaratibu, Spika huinama kidogo, Katibu humwelekeza kanuni inayohusika, kisha Spika hutoa uamuzi. Wananchi huusikia uamuzi, na yule aliyeufunua ukurasa hawamtambui. Katika Bunge la Afrika Mashariki kazi ya mezani ina uzito wa pekee, kwa kuwa akidi haitimii kwa kuhesabu vichwa tu. Lazima nusu ya wabunge wa kuchaguliwa wawepo, na miongoni mwao kila nchi iwe na angalau theluthi ya wabunge wake. Ukumbi unaweza kuonekana umejaa, kumbe nchi moja haijatimiza idadi, na kikao hakiwezi kuendelea.

Nyuma ya meza hiyo kuna makatibu wa kamati, ambao huandaa ziara, huandika mihtasari na kurasimu taarifa ambayo baadaye mwenyekiti wa kamati huisoma bungeni kwa sauti yake. Kuna watafiti na wakutubi. Kuna wanasheria wanaomsaidia mbunge mwenye wazo jema kuligeuza kuwa muswada wenye vifungu, pamoja na kumtahadharisha mapema kwamba muswada binafsi haupaswi kuutwisha mfuko wa Jumuiya mzigo wa fedha. Kuna Mpambe wa Bunge, anayebeba siwa, yaani rungu la mamlaka ya Bunge, na kusimamia nidhamu ya ukumbi. Kisha kuna sisi wa kumbukumbu.

Uniruhusu nikae kidogo kwenye kumbukumbu, maana ndiko nilikozeekea. Waandishi wa Hansard huingia ukumbini kwa zamu fupi za dakika chache, halafu kila mmoja hurudi mezani kwake, huvaa visikizio na kuandika alichokisikia neno kwa neno. Nakumbuka jioni moja mheshimiwa mmoja alisema kwamba serikali yake "inaridhia" deni fulani, au ndivyo nilivyodhani, ingawa kwa matamshi yake neno lingeweza pia kuwa "inarithi". Ukiandika "inaridhia", serikali imekubali deni. Ukiandika "inarithi", imesema deni liliachwa na waliotangulia. Nilirudia kanda mara zisizo na hesabu, nikamwita mwenzangu asikilize bila kumwambia ninachodhani, tukasoma sentensi iliyotangulia na iliyofuata, na hatimaye tukaipeleka kwa mhariri. Ilipofika saa mbili usiku neno likathibitika kuwa "inarithi". Wakati huo wabunge walikuwa wameshakula chakula cha jioni. Kazi hiyo haimletei mtu sifa yoyote, Mwalimu, lakini mwanasheria atakayeisoma Hansard baada ya miaka ishirini atalitegemea neno lile.

Kwa wenzetu wa Arusha ongeza safari. Bunge lao limekuwa likifanya vikao pia Nairobi, Kampala, Kigali na Bujumbura, na kila mara watumishi huhama na nyaraka na vifaa, hupanga ukumbi wasiouzoea, na hutakiwa kuwa tayari kabla mbunge wa kwanza hajaketi.

Wakili wa Kijenge amejibu:

Nimshukuru Mzee kwa maelezo yake. Mimi nitajibu sehemu ya nani amewaajiri, kwa sababu hapo pana tatizo la kikatiba ambalo tunalipita kwa haraka mno.

Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini tarehe 30 Novemba 1999, unasema kwamba Katibu wa Bunge na maofisa wengine wa Bunge huteuliwa na Baraza la Mawaziri la Jumuiya. Bunge lenyewe, kwa mujibu wa Ibara ya 49, hupendekeza tu. Mawaziri wanaounda Baraza hilo ni wale wale ambao Bunge lina wajibu wa kuwauliza maswali, na mawaziri wanaohusika na masuala ya Jumuiya ni wajumbe wa Bunge kwa nyadhifa zao. Kwa maneno mengine, anayehojiwa ndiye anayetia saini barua ya ajira ya mtumishi mkuu wa anayehoji. Sisemi kwamba uteuzi wowote umefanyika kwa nia mbaya. Ninachosema ni kwamba mpango wenyewe umekaa vibaya.

Tusijidanganye kwamba nyumbani hali ni tofauti kila mahali. Katiba ya Tanzania, katika Ibara ya 87, inampa Rais mamlaka ya kumteua Katibu wa Bunge. Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, imeweka jukumu hilo kwa Tume ya Huduma za Bunge, kwa idhini ya Bunge linalohusika. Kwa maoni yangu njia ya Kenya ni bora, na ndiyo ambayo Arusha ingepaswa kuifuata.

Nitoe mfano wa kuonyesha kwamba ofisi hii si ya kupanga viti. Mwaka 2006, baada ya Kenya kupeleka majina ya wabunge wake tisa, Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake kumi walifungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki, wakidai kwamba majina yale hayakupatikana kwa uchaguzi unaotakiwa na Mkataba. Miongoni mwa walioshtakiwa alikuwamo Katibu wa Bunge kwa wadhifa wake, na mwezi Novemba mwaka huo Mahakama ilimzuia kuwatambua wale tisa kama wabunge. Orodha ya majina iliyokuwa mezani pa mtumishi mmoja ikawa ndiyo mlango wa Bunge zima, na Bunge la pili halikuzinduliwa hadi mwaka 2007.

Kuhusu swali la kijana, lipo jibu la kihistoria pia. Bunge la tatu lilimaliza muda wake mwezi Juni 2017, na kwa kuwa Kenya ilichelewa kuchagua wawakilishi wake, Bunge la nne liliapishwa tarehe 18 Desemba 2017. Kwa zaidi ya miezi sita Jumuiya haikuwa na mbunge hata mmoja wa kuchaguliwa, lakini ofisi ya Katibu ilikuwepo, mafaili yalikuwepo, na miswada iliyopitishwa bado ilikuwa na safari yake ya kusubiri ridhaa ya Wakuu wa Nchi.

Furaha wa Bukavu amejibu:

Mwalimu, na Mzee shikamoo. Naomba niongeze habari ya lugha, kwa sababu sisi wa Kongo tumeingia nyumba hii mwaka 2022 tukaikuta imejengwa kwa Kiingereza. Ibara ya 137 ya Mkataba, kama ulivyotiwa saini, ilisema lugha rasmi ni Kiingereza, na kwamba Kiswahili kitaendelezwa kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Bunge lenyewe liliwahi kupitisha azimio mwaka 2016 kuomba Kiswahili kifanywe lugha rasmi, na Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya ina makao yake Zanzibar.

Fikirieni mbunge aliyesoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza hadi chuo kikuu. Sokoni Bukavu huongea Kiswahili, katika bunge la Kinshasa husikia Kifaransa na Kilingala, na Arusha huwekewa mbele yake taarifa ya kamati yenye kurasa nyingi za Kiingereza cha fedha na ukaguzi. Hajakosa akili wala hoja. Anachokosa ni mkalimani aliye kibandani na mfasiri aliyeipata taarifa ile mapema kuliko usiku wa kuamkia kikao. Ndiyo maana nasema wakalimani na wafasiri wahesabiwe miongoni mwa watumishi wa lazima kama alivyo Mpambe, wasichukuliwe kuwa anasa ya kutafutiwa mfadhili.

Mwalimu wa Mpakani ameandika:

Nawashukuru sana. Nimesoma majibu haya mbele ya darasa, na habari ya "inaridhia" na "inarithi" imewafanya waanze kusahihishana matamshi. Yamebaki mambo mawili. Je, Wakili, Katibu akiteuliwa na chombo huru, uhuru huo utatosha? Na yule mama wa vitunguu aandike wapi?

Wakili wa Kijenge amejibu:

Mwalimu, hautatosha, lakini ndio mwanzo. Mtu akijua kwamba mkataba wake wa kazi hauko mikononi mwa yule anayemwandalia maswali magumu, ataandika swali kwa wino mzito zaidi.

Mzee wa Kumbukumbu amejibu:

Hapo mimi na Wakili tunatofautiana kidogo. Nimeona makatibu walioteuliwa na wakubwa wakasimamia kanuni bila kutetereka, na nimeona ofisi zenye uhuru wote kwenye karatasi zikipwaya kwa sababu ya ukata. Bajeti ya Jumuiya hutegemea michango kutoka kila nchi mwanachama, na nchi moja ikichelewa, pengo linaonekana siku hiyo hiyo. Safari ya kamati huahirishwa, kikao husogezwa mbele, na nafasi ya mtumishi aliyestaafu hubaki wazi huku wenzake wakigawana kazi yake. Katibu hodari asiye na fedha ya kuwapeleka wanakamati Namanga wakamsikilize mama huyo hana tofauti kubwa na Katibu mwoga. Kwa hiyo Wakili adai uteuzi huru, nami namuunga mkono, ila adai na michango ilipwe kwa wakati.

Kuhusu barua, makao makuu ya Jumuiya yako Arusha, katika jengo lililozinduliwa mwaka 2012, na humo mna Sekretarieti, Bunge na Mahakama pamoja. Barua iandikwe kwa Spika kupitia kwa Katibu wa Bunge. Katika aya ya kwanza mama aeleze kitu kimoja anachokiomba, kisha ataje tarehe, mahali, kiasi cha mzigo na fedha aliyotozwa, kwa sababu karani wa kamati hawezi kuifanyia kazi barua inayolalamikia kila kitu kwa pamoja. Aandike kwa Kiswahili chake, nanyi darasani mumsaidie tafsiri ya Kiingereza aiambatanishe. Nakala nyingine zipelekwe kwa wabunge wa nchi yake katika Bunge hilo. Mwisho, Mwalimu, ukipata nafasi ya kwenda Arusha, ipeleke kwa mkono ukiwa na nakala ya pili, na usiondoke mapokezi kabla nakala hiyo haijagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Mwalimu wa Mpakani ameandika:

Nimekuelewa, Mzee. Nitakwenda Arusha wakati wa likizo, na yule kijana aliyeuliza swali nitaongozana naye, aione hiyo ofisi na agongewe mhuri yeye mwenyewe.